Ufa wa Bakuli la Mti

Mwaka 1331 Ibn Battuta, msafiri wa Tangier, alishuka Pwani ya Afrika Mashariki akitokea Aden. Mogadishu alikirimiwa wali uliopikwa kwa samli na kupakuliwa katika sahani kubwa ya mti. Akaendelea kusini hadi Mombasa, akalala usiku mmoja tu. Katika usiku huo mmoja aliyaona mambo ambayo wageni wengi huyapita bila kuyatazama: misikiti ya mbao iliyojengwa kwa ufundi mzuri, na mlangoni pa kila msikiti kisima kimoja au viwili vya kina kifupi. Maji yalitekwa kwa chombo cha mti kilichotiwa mpini mwembamba wa urefu wa dhiraa moja. Aliyetaka kuingia aliosha miguu, akaifuta kwenye kipande cha mkeka mnene, akapita ndani.

Ni maneno machache, lakini fundi wa mbao akiyasikia hawezi kuyaacha yapite. Chombo kile cha mlangoni kililowa na kukauka kila waadhini walipopaza sauti, sala tano kwa siku, jua la kaskazi na mvua za masika. Hakuna jaribio gumu kuliko hilo kwa kipande cha mti. Bakuli linaloweza kuishi maisha hayo bila kupasuka limechongwa na mtu aliyeujua mti wake vizuri sana.

Kupasuka kwa mti kuna sababu yake. Mti ukikatwa huwa umejaa maji. Mengine yamo katika vishimo vidogo vya ndani, mengine yamefungwa ndani ya kuta za vishimo hivyo. Yale ya kwanza yakitoka, gogo hupungua uzito tu. Unyevu ukishuka chini ya asilimia 30 hivi, kuta zenyewe huanza kusinyaa, na hapo ndipo taabu inapoanza, kwa sababu hazisinyai sawasawa. Mti hupungua kwa kufuata mzunguko wa pete zake takriban mara mbili ya unavyopungua kutoka moyoni kwenda kwenye gome, na kwa urefu haupungui kiasi cha kuonekana. Kitu cha duara hakiwezi kupunguza mzingo wake kuliko kipenyo chake kikabaki kizima. Lazima kifunguke mahali. Ndiyo maana ufa wa gogo karibu kila mara hufuata mstari ulio kati ya moyo na gome, na ndiyo maana gogo lililoachwa juani siku chache huonyesha nyota ya nyufa kwenye ncha zake.

Mafundi wa Pwani waliyajua haya bila kuhitaji kuyaandika. Mbao za jahazi zilikaushwa kivulini. Moyo wa gogo ulitolewa au ulitengwa kwa kazi nyingine. Na pale mwanya ulipobaki, walikuwa na njia zao za kuuziba. Mtepe, chombo kilichosafiri Pwani hii hadi miaka ya mwanzo ya karne ya 20, haukupigwa misumari. Mbao zake zilishonwa kwa kamba za makumbi, zikaachiwa nafasi ya kunyumbuka baharini. Majahazi yaliyoufuata yalitiwa kalafati, pamba iliyolowekwa mafuta na kusukumizwa kwa nyundo na patasi katika kila mshono. Jahazi likishushwa majini, ubao hunywa maji, huvimba na kuubana mshono. Kibuyu kilichopasuka, huko bara, kilishonwa kwa uzi kikaendelea kutiwa maziwa. Kwa watu waliokuwa na maarifa ya namna hii, ufa ulikuwa sehemu ya kazi yenyewe, nao ulikuwa na dawa yake.

Nyumbani vyombo vya mti vilikuwa tele. Kulikuwa na chano cha kupakulia chakula, na fua la kuoshea mikono na miguu. Kulikuwa na upawa, mwiko, kinu na mchi wake, na hero, sahani ndogo ya mti. Vingi vilichongwa kwa tezo. Fundi hukaa chini, huushika mti kwa miguu, huutafuna kidogo kidogo mpaka tumbo la chombo litokee. Kazi ya tezo haidai duara kamili, nayo ina faida ambayo watu wa leo huisahau: mchongaji huufuata mti unakokwenda. Akikutana na fundo hulizunguka. Akiuona ufa mapema huhamisha ukingo wa bakuli, na ufa ukaangukia katika vipande vinavyotupwa.

Keezo lina tabia nyingine. Hapo mti hufungwa katikati ya vyuma viwili na kuzungushwa, na patasi hukaa mahali pamoja. Kila kilicho nje ya duara hukatwa, fundo na ufa pamoja. Keezo la zamani lilizungushwa kwa uta, kama keke ambayo mafundi wa majahazi waliitumia kutoboa mbao. Kamba ya uta huzungushwa mara moja kwenye mti. Mkono mmoja husukuma na kuvuta, mkono wa pili hushika patasi, na mara nyingi kidole cha mguu husaidia kuituliza. Mti huzunguka mbele, kisha hurudi nyuma, na patasi hukata safari ya kwenda tu. Mafundi wa Misri, Gujarati na Kutch wamekereza hivyo kwa karne nyingi, na ufundi huo ulikuwa wa nchi nyingi zilizopakana na Bahari ya Hindi.

Pwani ya Kenya keezo lilipata heshima yake kubwa kwenye vitanda. Siyu, mji wa kisiwa cha Pate, ulijulikana katika karne ya 19 kwa mafundi wake wa mbao na ngozi na kwa wanakili wa misahafu. Vitanda vya waungwana wa visiwa vya Lamu vilikuwa na miguu iliyokerezwa kwa mafundo na mabonde na kupakwa lakiri nyekundu na nyeusi. Namna ya kuipaka ni ya ajabu kwa wepesi wake. Kijiti cha lakiri hukandamizwa kwenye mti unaozunguka, msuguano hutoa joto, lakiri huyeyuka na kushika palepale. Rangi hiyo huingia katika kila mwanya mdogo na kuufunga. Hata mtaa wa Mkomani wa mji wa Lamu, ule wa kaskazini wenye nyumba za mawe na zidaka za chokaa, ulikuwa na vyumba vilivyojaa kazi ya namna hii. Vitu vidogo vilikerezwa pia, kama msuruaki wa mtalawanda, vipini vya patasi na pia za watoto.

Bakuli la kukerezwa halikuwa na umaarufu huo. Sababu moja ni nguvu. Mguu wa kitanda ni mwembamba na uta huuzungusha kwa raha, lakini bakuli la upana wa kiganja na nusu lina uzito ulio mbali na kitovu, na kulizungusha kwa mkono mmoja ni kuchosha bega. Sababu nyingine ni kwamba bakuli la kauri kutoka China lilifika Pwani hii mapema sana, na aliyekuwa na uwezo alilipenda. Mti ukabaki wa jikoni, wa shamba na wa safari.

Iko Mkomani nyingine, ya Mombasa, nayo imekaa upande wa bara, mkabala na Mji wa Kale, mdomoni mwa mkono wa bahari wa Tudor. Ukisimama English Point unaiona Ngome ya Yesu ng'ambo ya maji. Hapo karibu ndipo mmisionari Johann Ludwig Krapf alipomzika mkewe Rosine na mtoto wao mchanga mwezi wa Julai 1844, miezi michache baada ya kufika Mombasa. Miaka thelathini baadaye mahali hapa pa makaburi pakawa jirani na kijiji cha kazi. Shirika la wamisionari la CMS lilianzisha Frere Town mwaka 1875 kwa ajili ya watu waliokombolewa kutoka majahazi ya watumwa. Mjumbe wake alikuwa William Salter Price, naye hakuja mikono mitupu. Aliwaita Waafrika ambao wenyewe walikuwa wamekombolewa baharini wakiwa watoto, wakapelekwa India na kulelewa Sharanpur, karibu na Nasik, ambako walifundishwa useremala, uhunzi na uashi.

Watu hao wanastahili nafasi kubwa kuliko wanayopewa katika historia ya ufundi wa Mombasa. Wengine waliandamana na msafiri Livingstone, wengine wakawa wachungaji na walimu, lakini wengi walikuwa watu wa kazi za mikono waliorudi Afrika na vifaa na mazoea ya karakana. Kengele iliyotundikwa Frere Town kuwaonya wakazi juu ya wafanyabiashara wa watumwa ingalipo hadi leo barabarani, na imeupa jina mtaa wa Kengeleni.

Ng'ambo, katika Mji wa Kale, miaka ileile na iliyofuata, mafundi kutoka Kutch na Kathiawar walikuwa wakipamba nyumba kwa roshani za mbao. Nguzo nyingi za roshani hizo zilikerezwa, na bado zinaweza kuonekana juu ya vichochoro. Reli ya Uganda ilipoanza kujengwa mwaka 1896 ilileta maelfu ya watu kutoka India, wakiwemo maseremala na wahunzi wa Kipunjabi, na pamoja nao karakana zenye mashine za kukerezea chuma zilizoendeshwa kwa mvuke. Tangu hapo keezo likaacha uta. Fundi akapata mikono miwili ya kushikia patasi, na mti ukazunguka upande mmoja bila kurudi nyuma. Bakuli kubwa likawa jambo linalowezekana.

Lakini bakuli lililokuja kuijaza Pwani nzima lilitoka kwenye tezo, na mwanzo wake uko mbali na bahari. Katika Vita vya Kwanza vya Dunia, Mkamba mmoja wa Wamunyu, Mutisya wa Munge, alichukuliwa kwenda Tanganyika. Huko akajifunza uchongaji wa mapambo kwa wachongaji wa sehemu zile, na baada ya vita akarudi nao Ukambani. Jamaa na majirani wakamwiga. Wamunyu ukawa mji wa wachongaji, na Vita vya Pili vilipowaleta askari wengi wa Uingereza nchini, wanunuzi wakapatikana kwa wingi. Wakamba wakazifuata njia za wageni mpaka Nairobi na Mombasa. Mwaka 1963 wale waliokuwa Mombasa wakaunda chama cha ushirika cha Akamba Handicraft, Changamwe, kando ya barabara ya Port Reitz, njia ya uwanja wa ndege.

Mahali hapo ni moja ya karakana kubwa za mikono nchini. Mabanda yamepangwa kwa kazi: hili la twiga, lile la tembo, lile la vinyago vya uso, lile la mabakuli na vijiko vya saladi. Mti huingia upande mmoja ukiwa gogo, hupita kwa mwenye shoka, kwa mwenye tezo, kwa mwenye kisu, kwa wale wa msasa na rangi, kisha hufika dukani. Zamani msasa ulikuwa jani la mti wenye jina hilohilo, kavu na lenye kukwaruza kama ulimi wa paka. Siku hizi ni karatasi ya dukani. Katika miaka yake ya neema ushirika huo ulikuwa na wanachama wapatao 3,000. Mabasi ya watalii yaliegeshwa nje kwa safu, na hoteli za Nyali, Bamburi na Diani ziliuza kazi zake.

Bombolulu, mwendo mfupi kutoka Mkomani ukishika barabara ya Malindi, chama cha watu wenye ulemavu wa viungo nchini kilifungua karakana zake mwaka 1969. Humo watu ambao wengi wao hawakupewa kazi kwingineko walitengeneza vito, nguo, ngozi na mbao kwa ajili ya kusafirishwa nje. Upande huu wa Mombasa ukajifunza kufunga vitu vya mti ndani ya maboksi.

Hapo ndipo ufa ulipobadilika kuwa tatizo la biashara. Hewa ya Mombasa ina unyevu mwingi mwaka mzima, mara nyingi asilimia 70 hadi 80, na mti uliokaa humo muda wa kutosha hutulia ukiwa na maji ya asilimia 14 au 16 ya uzito wake mkavu. Bakuli lililochongwa Changamwe na kutumiwa Likoni haliondoki katika hewa hiyo, na hata likiwa bichi kidogo hukauka polepole, likila mafuta ya mchuzi na nazi kila siku. Bakuli hilohilo likipelekwa Stockholm au Chicago mwezi wa Januari huwekwa juu ya rafu ndani ya nyumba iliyopashwa moto, ambamo mti hushuka hadi asilimia 6 au 8. Katika wiki chache linalazimishwa kutoa maji ambayo hapa lingeyatoa kwa mwaka, na mengine ambayo hapa lisingeyatoa kabisa. Mnunuzi husikia mlio usiku, na asubuhi huukuta ufa kutoka ukingoni hadi kitako. Huandika barua ya malalamiko, mwenye duka humkata mwagizaji, mwagizaji humkata msafirishaji, na hasara hushuka ngazi kwa ngazi mpaka kwa mchongaji.

Kwa muda mrefu jambo hili lilifichwa na ubora wa miti yenyewe. Wachongaji walipenda muhugu, mti mgumu wenye harufu nzuri wa misitu mikavu ya Pwani na bara, ambao huweza kuchongwa mbichi na mara nyingi hausumbui baadaye. Walipenda pia mpingo, na mzaituni wa mwitu kwa mabakuli, kwa ajili ya mawimbi yake ya kahawia. Ubaya ni kwamba muhugu huchukua zaidi ya miaka 100 kufikia unene wa kufaa kuchongwa. Katika msitu wa Arabuko-Sokoke, kati ya Kilifi na Malindi, ulikatwa kwa wizi mpaka miti mikubwa ikawa adimu. Watafiti walikadiria mwanzoni mwa miaka ya 2000 kwamba uchongaji nchini Kenya uliwaajiri watu wapatao 60,000, uliwalisha wengine laki kadhaa, na uliingiza dola milioni 20 kwa mwaka kutoka nje. Kazi kubwa kiasi hicho haikuweza kuendelea kuegemea miti ya umri wa karne moja.

Mradi wa People and Plants, ulioziunganisha WWF, UNESCO na bustani ya Kew, ukaanza katika miaka ya 1990 kuwashawishi wachongaji wahamie kwenye miti ya mashambani: mwarobaini, mwembe, mjakaranda. Kwa Pwani hoja ilikuwa nzuri. Mwarobaini umejaa kila kiwanja kuanzia Likoni hadi Lamu, na hufikia unene wa kuchongwa kabla mtoto aliyezaliwa siku ulipopandwa hajamaliza shule. Mwembe uliochoka kuzaa hukatwa tu. Katikati ya miaka ya 2000 wakulima wa miti wa Pwani walipata cheti cha FSC, cha utunzaji wa misitu, na vinyago vya mwarobaini kutoka Changamwe vikaanza kuuzwa ng'ambo vikiwa na alama ya mbao zisizoharibu msitu.

Ila miti hii mipya hupasuka. Mwembe mbichi una maji mengi mno. Mjakaranda ni laini na mweupe. Mwarobaini hukua na nyuzi zinazopishana. Mchongaji aliyezoea kuufuata muhugu kutoka gogo hadi duka ndani ya wiki moja akajikuta anauza vitu vinavyofunguka kabla ya kupakiwa. Akatumia alichokuwa nacho: gundi iliyochanganywa na unga wa mbao wa mti uleule, nta iliyoyeyushwa, rangi ya viatu kuufanya mti mweupe ufanane na mpingo. Wako wanaouita udanganyifu. Si haki. Kujaza ufa kwa unga wa mti na gundi ni kazi halali ya seremala popote duniani, na aliyemnyima mchongaji muda wa kukausha ni yule aliyetaka mzigo wa kontena ndani ya mwezi mmoja. Kasoro ya njia hii iko penginepo. Kujaza mti ambao bado ni mbichi ni bure, kwani utaendelea kusinyaa na kuitapika gundi.

Ni katika hatua hii ya historia ambapo keezo lina la kusema, nalo lilichelewa kusikilizwa. Wakerezaji wa nchi za baridi walipata njia ya kukitengeneza chombo mara mbili. Gogo bichi hupasuliwa katikati ya moyo, ule moyo ukatolewa kabisa, na bakuli likakerezwa likiwa nene, takriban sehemu moja ya kumi ya upana wake. Ncha za nyuzi hupakwa nta, kwani huko ndiko maji yanakotoka upesi kupita kiasi. Kisha bakuli huzikwa katika maranda yake yenyewe au hufungwa ndani ya mfuko wa karatasi, likakaa miezi kadhaa. Hutoka likiwa limepinda na kuwa yai. Hapo hurudishwa kwenye keezo na kukerezwa mara ya pili mpaka duara lirejee. Kwa kuwa kuta ni nyembamba kuliko gogo na moyo haumo, mti umepata nafasi ya kupinda badala ya kupasuka.

Na ule uliokwisha kupasuka? Nao una njia. Kwanza hugongwa na kusikilizwa. Mti mzima hulia wazi, mti wenye ufa wa ndani hutoa sauti nzito iliyokufa. Ufa unaotoka ukingoni kuelekea kati unaweza kuvumilika. Ule unaozunguka kwa kufuata pete ni wa kuogopwa, kwa sababu kipande kinaweza kuchomoka na kumpiga fundi usoni. Mwendo wa keezo hupunguzwa, fundi hujiweka pembeni mwa njia ya kipande hicho, huvaa kinga ya uso, na hukaza gundi kila baada ya kukata kidogo. Ufa mwembamba hujazwa gundi na unga wa mbao. Mpana hujazwa utomvu wa dukani uliochanganywa na vumbi la shaba, au hufungwa kwa kipande cha mti mgumu kilichokatwa umbo la kipepeo na kupachikwa kuupitia mpasuko. George Nakashima, seremala wa Kimarekani mwenye asili ya Kijapani aliyefariki mwaka 1990, alizijengea meza zake jina kwa vipepeo hivyo. Nyufa zake hakuzificha, aliziweka mbele ya macho ya mnunuzi, na watu walilipa zaidi kwa ajili yake. Wakamba nao tangu zamani walipamba viti vyao vya miguu mitatu kwa nyaya za shaba zilizogongwa ndani ya mti. Mkono uliojua kuzika waya katika kiti unaweza kuushona ufa wa bakuli kwa waya uleule.

Bakuli la namna hiyo lina mipaka yake, na fundi mkweli humwambia mnunuzi. Mwanya uliojazwa hubakisha chembe za chakula, basi chombo hicho ni cha matunda, mkate au karanga. Mchuzi wa papa si wake.

Mfano mwingine wa mti wa kwetu kwenye keezo la mbali ni mpingo. Katika karne ya 19 karakana ya Holtzapffel, London, ilitengeneza mashine za kukerezea mapambo zilizonunuliwa na matajiri na wana wa wafalme, na mpingo pamoja na pembe za ndovu vilikuwa miongoni mwa vitu vilivyopendwa zaidi kukerezwa juu yake. Pembe nyingi zilipitia Unguja na Mombasa. Mpingo hukauka polepole mno. Vipande vyake hupakwa nta kwenye ncha na kuwekwa muda mrefu kabla ya kuwa klarineti, na kiwandani ni takriban asilimia 9 tu ya gogo inayotoka ikiwa mbao safi ya ala za muziki. Kilichobaki kina nyufa, kimepinda au kina mti mweupe ndani yake. Mwaka 1996 mkerezaji wa Texas, James Harris, aliyekuwa akiutumia mti huo kwa kazi za mapambo, aliungana na Sebastian Chuwa wa Moshi kuanzisha mradi wa kuupanda upya, na Chuwa aliendelea kugawa miche mashuleni na vijijini mpaka alipofariki mwaka 2014. Mtu anayeujua mti kwa ncha ya patasi huona mapema unapoanza kwisha.

Biashara ya Changamwe ilipata mapigo mengine yasiyohusu mti. Ghasia za Likoni za Agosti 1997 ziliwafukuza watalii. Shambulio la hoteli ya Kikambala la Novemba 2002 liliwafukuza tena, na mwaka 2020 ugonjwa wa korona ulifunga hoteli nyingi. Februari 2018 serikali ilipiga marufuku ukataji miti katika misitu ya umma, marufuku iliyoondolewa Julai 2023. Katika miaka hiyo mitano mti wa kiwanjani ulizidi kuwa na thamani, na aliyekuwa na mwembe uliokufa alijua kwamba kuna atakayeuulizia.

Mkomani na Nyali za leo hazina upungufu wa miembe ya namna hiyo. Mashamba ya mkonge yaligeuka mitaa ya nyumba zenye bustani, hasa baada ya daraja la kuelea la mwaka 1931 na tena baada ya daraja jipya la mwaka 1980, na sasa bustani zinageuka majengo ya ghorofa. Kila jengo likianza, miti mikubwa huanguka. Sehemu iliyonyooka hupata mwenye msumeno. Panda za matawi, visiki, vinundu na magogo yaliyokwisha kupasuka juani huishia kuwa kuni na makaa, na hizo ndizo sehemu ambazo keezo huzipenda zaidi, kwa kuwa nyuzi zake hujisokota na kutoa picha ambayo ubao ulionyooka hauna.

Karakana za samani za Kisauni na Kongowea zinazo mashine za kukerezea miguu ya vitanda na nguzo za ngazi. Fundi anayekereza nguzo anaweza kukereza bakuli akipata sahani ya chuma ya kulifungia na patasi yenye ncha ya duara. Kinachokosekana ni mapumziko kati ya ukerezaji wa kwanza na wa pili. Majira ya Pwani yenyewe yamekaa vizuri kwa kazi hiyo. Mei ndio mwezi wa mvua nyingi zaidi, na hewa ya kusi ni nzito. Bakuli bichi likikerezwa wakati huo hupoteza maji taratibu bila kushtuka. Januari na Februari ndiyo miezi mikavu, na bakuli lililosubiri kivulini tangu masika huwa tayari kurudishwa kwenye keezo kaskazi inapovuma, msimu ambao hoteli za pwani hujaa. Miezi saba au minane hapo katikati ndiyo gharama halisi ya bakuli lisilopasuka Stockholm, na mpaka sasa mtu mmoja mmoja anayelipwa kwa kipande hawezi kuibeba. Ushirika unaweza kuibeba: kumlipa mkerezaji sehemu ya malipo siku bakuli bichi linapoingia ghalani, na iliyobaki linapotoka. Changamwe wanalo ghala, wanao wanachama, na wana zaidi ya nusu karne ya kuhesabu fedha za watu wengi pamoja.